Kufundisha Nomino Pwani ya Kismayu: Sauti ya Nyumbani na Ngeli ya Darasani

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mwalimu mtarajiwa aweze:
(a) kutofautisha baina ya tofauti ya matamshi na kosa la upatanisho wa kisarufi;
(b) kuandaa somo la ngeli za nomino kwa kutumia msamiati wa bahari;
(c) kutabiri makosa ya wanafunzi wenye lugha za nyumbani tofauti, na kueleza chanzo chake;
(d) kulinganisha nomino ya Kiswahili na nomino ya Kiingereza bila kuzichanganya kanuni zake;
(e) kusahihisha daftari la mwanafunzi wa pwani kwa haki.

1. Utangulizi

Somo la nomino ndilo la mwanzo katika vitabu vingi vya sarufi, na kwa sababu hiyo walimu wengi hulihesabu kuwa jepesi. Darasani si hivyo. Mwalimu anaposema kuwa neno fulani la mwanafunzi ni kosa, hana budi awe amekwisha kujiuliza: kosa hilo ni la nini? Ni la sauti, la umbo, au la upatanisho? Asiyejiuliza swali hili huweza kumrudi mtoto aliyesema sawa na kumsifu aliyekosea. Somo hili linalichunguza jambo hilo mahali linapoonekana waziwazi zaidi, yaani pwani ya kusini mwa Somalia.

Kutoka mji wa Kismayu kuelekea kusini, hadi karibu na Ras Kamboni kwenye mpaka wa Kenya, vimepangana visiwa vya Wabajuni. Miongoni mwavyo ni Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Wabajuni wengine wako upande wa Kenya, katika Kiunga, Ndau, Faza na Kizingitini. Lugha yao ni Kibajuni, ambacho pia huitwa Kitikuu, nacho ni lahaja ya Kiswahili katika kundi la lahaja za kaskazini. Mbele zaidi, katika mji wa Barawa, huzungumzwa Chimwini, lugha iliyo karibu sana na Kiswahili. Maana ya jina hilo ni lugha ya mjini.

Historia imewafanya wasemaji hawa wawe Waswahili wasiokuwa na Kiswahili cha shule. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland pamoja na Kismayu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kismayu haikuwamo. Baada ya uhuru, mwaka 1972, Kisomali kilianza kuandikwa rasmi kwa hati ya Kilatini, kikawa lugha ya kufundishia. Kwa hiyo mtoto wa Koyama alizungumza Kiswahili jikoni na chomboni, lakini hakukiona ubaoni. Vita vilivyozuka mwaka 1991 viliwafukuza Wabajuni wengi, wakakimbilia pwani ya Kenya na nchi nyingine. Baadhi ya watoto wao walikutana na Kiswahili Sanifu kwa mara ya kwanza shuleni Lamu na Mombasa, na huko wakaambiwa kuwa hawajui Kiswahili.

Somalia iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya hiyo. Mahitaji ya walimu wa Kiswahili hayana budi kuongezeka. Mwalimu atakayepelekwa pwani hii atawakuta darasani watoto wenye Kibajuni nyumbani, watoto wenye Kisomali nyumbani, na wote pamoja watakuwa wakijifunza Kiingereza. Tuone namna ya kuwafundisha nomino.

2. Nomino hutambuliwa kwa jirani zake

Fasili iliyozoeleka yasema kuwa nomino ni neno linalotaja mtu, mnyama, mahali, kitu au dhana. Fasili hii yafaa kwa kuanzia, lakini haimsaidii mwanafunzi kuunda sentensi. Katika Kiswahili nomino hutambulika kikamilifu kwa namna inavyowatawala jirani zake: kivumishi, kimilikishi, kionyeshi na kitenzi.

Tazama mfano huu:

Kisiwa kile kidogo kimeonekana.
Visiwa vile vidogo vimeonekana.

Umbo la nomino limebadilika mara moja, lakini alama ya badiliko hilo imerudiwa katika kila neno linaloifuata. Huo ndio upatanisho wa kisarufi, na kundi la nomino zenye upatanisho wa namna moja ndilo ngeli. W. H. I. Bleek, katika sarufi linganishi aliyoichapisha tangu mwaka 1862, alizipanga ngeli za lugha za Kibantu kwa nambari. Shule za Kenya hutumia zaidi majina yatokanayo na viambishi vya upatanisho, kama vile A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na U-ZI. Somo hili linatumia utaratibu huu wa pili, kwa kuwa unamwelekeza mwanafunzi kuitazama sentensi nzima.

Aina za nomino hazihitaji muda mrefu. Jambo moja lisipuuzwe, nalo ni nomino za pekee. Pwani hii inatoa mfano mzuri: Ngumi ni jina la kisiwa, na ngumi ni mkono uliokunjwa. Mwambie mwanafunzi aandike: «Baba amekwenda Ngumi» na «Baba amekunja ngumi». Herufi kubwa ndiyo inayomjulisha msomaji kuwa neno la kwanza ni jina la mahali. Kanuni hii ni ileile katika Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo yafaa ifundishwe mara moja kwa lugha zote mbili.

3. Sauti si ngeli

Tuseme mwalimu amewauliza wanafunzi: «Chomboni mna watu wangapi?» Mtoto wa kwanza, Mbajuni, anajibu: «Mchu mmoya, maalimu.» Wa pili, aliyezaliwa na kukulia mjini, anajibu: «Mtu moja, maalimu.»

Mwalimu asiyeandaliwa atacheka au atamkatiza wa kwanza, kisha atamkubalia wa pili. Amefanya kinyume. Tuyachambue majibu hayo mawili.

Jibu la kwanza lina tofauti mbili za matamshi. Kwanza, penye sauti t ya Kiswahili Sanifu katika neno mtu, Kibajuni kina ch: mchu, na wingi wake wachu. Pili, penye j ya Kiswahili Sanifu, lahaja za kaskazini mara nyingi zina y: maji ni mayi, moja ni moya, kuja ni kuya. Tofauti hizi zina utaratibu wake, wala si ulegevu wa ulimi. Sarufi ya jibu hilo ni timamu. Nomino mchu imo katika ngeli ya A-WA, na kivumishi cha idadi kimechukua kiambishi m- kama ipasavyo: m-moya.

Jibu la pili lina sauti zote za Kiswahili Sanifu, lakini upatanisho umevunjika. Kivumishi -moja kinapofuata nomino ya A-WA hakina budi kuwa mmoja. Mtoto wa pili ametamka vizuri na hakupatanisha.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu: kosa la ngeli hutafutwa katika uhusiano wa maneno, halitafutwi katika sauti za neno moja. Mwalimu ajizoeze kujiuliza maswali mawili, na kwa mpangilio huu:

Swali la kwanza: je, maneno yanayoandamana na nomino yamekubaliana nayo? Ikiwa hapana, hilo ni kosa la sarufi.

Swali la pili: je, neno limetamkwa au kuandikwa kwa umbo sanifu? Ikiwa hapana, hiyo ni tofauti ya lahaja. Mwanafunzi aonyeshwe umbo sanifu, lakini asiambiwe kuwa amevunja sarufi.

Tofauti za lahaja hugusa hata viambishi vya ngeli vyenyewe. Katika Kiamu, wingi wa kitu ni zitu na wingi wa chombo ni zombo. Katika Chimwini, umoja ni chi- na wingi ni zi-, kama chisu na zisu. Vilevile katika ngeli ya LI-YA, jiwe la Kiswahili Sanifu huwa iwe katika lahaja za kaskazini, na wingi wake hubaki mawe. Mwanafunzi aliyekulia Lamu akisema «zombo zikubwa», z- ya nomino imekubaliana na z- ya kivumishi. Ngeli aliyonayo kichwani ni ileile ya KI-VI, ila imevaa umbo jingine. Kazi ya mwalimu ni kumpa umbo sanifu la ngeli ambayo mtoto tayari anayo.

Faida ya kulijua hili ni kubwa. Mtoto wa Kibajuni hafiki darasani akiwa mtupu. Amekwisha kuimudu sehemu ngumu kuliko zote ya sarufi ya Kiswahili, ile inayowasumbua watu wazima wanaojifunza lugha hii kwa miaka. Akirudiwa kila afunguapo kinywa kwa sababu ya y na ch, atanyamaza. Na mtoto aliyenyamaza hafundishiki nomino wala kitenzi.

Pamoja na hayo, mwalimu asidanganye. Mtihani, barua rasmi na gazeti vinadai Kiswahili Sanifu, na mtoto asiyefundishwa kuandika mtu na maji atakuwa amenyimwa haki yake. Yampasa awe na maumbo yote mawili na ajue mahali pa kila moja.

Ili kuonyesha kuwa umbo la nyumbani lina thamani, mwalimu aweza kutumia jina la mji wenyewe. Wapo wanaolieleza jina Kismayu kuwa limetokana na kisima na yuu, yaani juu. Iwapo maelezo hayo yanafuatwa, basi ile y ya Kibajuni imo katika jina ambalo dunia nzima huliandika.

4. Chombo ni ghala la ngeli

Vitabu vingi hufundisha ngeli kwa mti, kiti na embe. Mtoto wa visiwani ana ghala kubwa zaidi. Babu zake walisifika kwa mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigwa misumari. Leo wengi wao huishi kwa uvuvi. Chombo kimoja kilichotia nanga kina karibu ngeli zote:

U-I: mtepe, mlingoti, mshipi, msumari. Mlingoti umevunjika, milingoti imevunjika.

LI-YA: tanga, kasia, jahazi, jarife, dema. Tanga limechanika, matanga yamechanika.

KI-VI: chombo, kisiwa, kisima, kisu. Chombo kimefika, vyombo vimefika.

I-ZI: nanga, mashua, ngalawa, ndoana, kamba. Nanga imezama, nanga zimezama.

U-ZI: wavu, ubao. Wavu umetatizika, nyavu zimetatizika.

YA-YA: maji, mafuta. Maji yamekupwa.

KU: kuvua, kuogelea. Kuvua kunachosha.

PA-KU-MU: bandarini, chomboni. Bandarini pana watu. Chomboni mna samaki.

A-WA: mvuvi, baharia, nahodha, samaki, kasa, pweza. Nahodha ameshuka, manahodha wameshuka.

Ngeli ya mwisho inahitaji kuelezwa kwa utulivu. Nomino za A-WA hazifanani kwa umbo. Mvuvi ina m- na wa-; nahodha na baharia huchukua ma- katika wingi; kijana ina ki- na vi-; samaki, kasa na pweza hazibadiliki. Kinachoziunganisha ni uhai. Kwa hiyo husemwa: «Kijana huyu ameogelea», si «kijana hiki kimeogelea», na «kasa wawili wametaga», si «kasa mbili zimetaga». Mwanafunzi anayetazama mwanzo wa neno tu atapotea hapa, na anayeutazama upatanisho atasalimika.

Mfano ulio bora kuliko yote ni neno kamba. Andika ubaoni sentensi mbili na uwaache wanafunzi waseme maana kabla hujawaeleza:

Kamba hii imekatika.
Kamba huyu amekufa.

Neno ni lilelile, nalo halina kiambishi cha kulipambanua. Kionyeshi na kitenzi ndivyo vinavyotuambia kuwa ya kwanza ni ya kufungia na wa pili ni wa kuliwa. Mtoto wa mvuvi hatalisahau somo hili, kwa maana nyumbani kwao vyote viwili vimo.

Tahadhari moja. Nomino za ujamaa zina upatanisho wa namna mbili katika sentensi moja: «Baba yangu amefika», «Ndugu zangu wamefika». Kimilikishi hufuata I-ZI, kitenzi hufuata A-WA. Usilifundishe jambo hili siku moja na A-WA ya kawaida. Liache mpaka msingi ukauke.

5. Mwanafunzi mwenye Kisomali nyumbani

Kisomali si lugha ya Kibantu, na nomino yake imejengwa kwa msingi mwingine. Nomino za Kisomali hugawanyika katika jinsia mbili, ya kiume na ya kike, na jinsia huonekana katika kibainishi kinachobandikwa mwishoni mwa neno. Wiil ni mvulana, wiilka ni mvulana anayejulikana. Naag ni mwanamke, naagta ni mwanamke anayejulikana. Tena, nomino nyingi hubadili jinsia zinapoingia katika wingi: naagta katika wingi ni naagaha, na kibainishi kimekuwa cha kiume.

Mwalimu akiyajua haya atatambua mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi huyu si mgeni wa upatanisho. Lugha yake inao, ila alama zake hukaa zaidi mwishoni mwa neno, ilhali za Kiswahili hukaa mwanzoni. Mwelekeze macho na masikio yake kwenye mwanzo wa neno. Pili, ataitafuta jinsia ya kiume na ya kike pasipokuwapo. Mweleze mapema kuwa Kiswahili hakiulizi kama kitu ni cha kiume au cha kike: ameshuka ni nahodha mwanamume na ni mwalimu mwanamke. Tatu, katika Kisomali nomino ya kiume inayofuata nambari haichukui umbo la wingi: laba nin ni wanaume wawili, na neno nin limebaki katika umoja. Basi ukimsikia akisema «kisiwa mbili», usidhani kuwa hajasikiliza. Ameifuata kanuni ya lugha yake. Mpe mazoezi mengi ya nambari: kisiwa kimoja, visiwa viwili, mlingoti mmoja, milingoti miwili, tanga moja, matanga mawili.

Kwa upande wa sauti, Kisomali hakina p, v wala z. Huenda vyombo ikawa fyombo na pweza ikawa bwesa. Hapa kanuni yetu ya sehemu ya 3 inafanya kazi tena. «Fyombo fikubwa fimefika» ni sentensi yenye upatanisho kamili. Mtoto huyu anahitaji mazoezi ya matamshi, wala hahitaji kufundishwa upya ngeli ya KI-VI. Kwa hiyo haki aliyopewa Mbajuni apewe na Msomali, kwa kipimo kilekile.

6. Nomino ya Kiswahili na nomino ya Kiingereza

Mara nyingi mwalimu wa Kiswahili katika shule ndogo huombwa kufundisha pia Kiingereza cha mwanzo. Hata asipoombwa, wanafunzi huleta kanuni za lugha moja katika daftari la nyingine. Yafaa azijue tofauti kuu nne.

(a) Wingi. Kiingereza huongeza -s mwishoni: boat, boats; sail, sails. Kiswahili hubadili mwanzo: chombo, vyombo, tanga, matanga. Yapo maneno ya Kiingereza yasiyoifuata kanuni, kama child na wingi wake children. Fish kwa kawaida halibadiliki, sawa na samaki katika Kiswahili. Anza na hili la samaki, kwa sababu mwanafunzi ataliona kuwa si geni.

(b) Kivumishi. Katika Kiingereza kivumishi hutangulia nomino wala hakibadiliki: a new sail, new sails. Katika Kiswahili hufuata nomino na hupatana nayo: tanga jipya, matanga mapya. Mwanafunzi hodari wa Kiswahili ndiye mwenye uwezekano wa kuandika «news sails», kwa kuwa kichwa chake kinadai kivumishi kipatane. Kosa hilo latokana na maarifa. Mwambie kuwa alifanyalo ni sahihi nyumbani kwake, na kwamba Kiingereza hakilidai.

(c) Kitenzi. Kiingereza kina upatanisho kidogo wa kitenzi, nao huwachanganya wengi: the boat sails, the boats sail. Herufi s huwa kwenye kitenzi nomino ikiwa ya umoja, na huhamia kwenye nomino ikiwa ya wingi. Linganisha na «chombo kinasafiri, vyombo vinasafiri», ambapo alama ya nomino hurudiwa katika kitenzi. Andika jozi hizi nne ubaoni na waulize wanafunzi wenyewe waitafute s ilipokwenda.

(d) Kibainishi na hesabu. Kiingereza hudai a au the mbele ya nomino nyingi za umoja. Kiswahili hakina maneno hayo. Mwanafunzi wa Kisomali ataielewa the upesi, maana -ka na -ta za lugha yake zina kazi iliyo karibu nayo. Mbajuni atahitaji muda zaidi. Kuhusu hesabu, water katika Kiingereza haihesabiki nayo huchukua kitenzi cha umoja: the water is sweet. Maji katika Kiswahili hayahesabiki pia, lakini yana umbo na upatanisho wa wingi: maji ni matamu, maji yamejaa. Kwa hiyo mwanafunzi aweza kuandika «the water are». Chanzo chake ni ngeli ya YA-YA.

Angalia kuwa hatukusema lugha moja ni ngumu na nyingine ni nyepesi. Ngumu ni kule kuvuka kutoka moja hadi nyingine, na mwalimu ndiye mwenye kuonyesha kivuko.

7. Kusahihisha daftari

Alama nyekundu ya mwalimu humfundisha mtoto kuliko maelezo yake. Inapendekezwa kutumia alama mbili tofauti: mstari chini ya neno lenye umbo la lahaja au tahajia isiyo sanifu, na duara kuzunguka mahali palipovunjika upatanisho. Katika zoezi la ngeli, maki zipunguzwe kwa duara peke yake. Maneno yaliyopigiwa mstari mwanafunzi ayanakili nyuma ya daftari katika safu mbili, moja ya umbo la nyumbani na nyingine ya umbo sanifu: mchu, mtu, mayi, maji, moya, moja. Katika zoezi la tahajia au insha rasmi, mstari nao uhesabiwe, na wanafunzi waambiwe hivyo kabla ya kuandika.

Tujaribu kwa sentensi tano:

1. Wachu wawili wameshuka bandarini.
Mstari mmoja chini ya wachu. Upatanisho ni sahihi, apate maki zote.

2. Samaki kubwa imekata wavu.
Hapana mstari. Duara mbili: kubwa iwe mkubwa, imekata iwe amekata. Samaki ni kiumbe hai.

3. Mayi ya kisima hiki ni matamu.
Mstari mmoja chini ya mayi. Upatanisho ni sahihi mara tatu: ya, hiki, matamu.

4. Kisima hii ina maji.
Tahajia ni sanifu yote. Duara mbili: kisima hiki kina maji.

5. Nimeona zombo zikubwa.
Mistari miwili: vyombo vikubwa. Hapana duara.

Hesabu sasa. Mwalimu anayesahihisha kwa sikio peke yake angeziangusha sentensi ya 1, 3 na 5, na pengine angezipitisha ya 2 na ya 4. Angempa maki mtoto asiyejua ngeli, na kumnyima anayezijua.

8. Kielelezo cha kipindi cha dakika 40

Mada: Ngeli za LI-YA na I-ZI.
Zana: kipande cha tanga, kasia, ndoana mbili, kamba. Zana zisipopatikana, mchoro wa chombo ubaoni watosha.

Dakika 5: Wanafunzi wataje vitu vilivyomo chomboni. Mwalimu aandike kila neno kama lilivyotamkwa, kisha umbo sanifu kando yake pale yanapotofautiana. Asiseme lipi ni zuri.

Dakika 10: Mwalimu ainue kasia na kusema: «Kasia hili limevunjika.» Ainue ndoana: «Ndoana hii imevunjika.» Wanafunzi warudie, kisha waeleze wenyewe kilichobadilika. Mwalimu asitaje jina la ngeli mpaka watakapokuwa wameiona tofauti.

Dakika 10: Wingi wa sentensi hizo: «Makasia haya yamevunjika», «Ndoana hizi zimevunjika». Wabadilishane wawili wawili, mmoja aseme umoja na mwenzake aseme wingi.

Dakika 10: Kuandika sentensi nne, mbili kwa kila ngeli, juu ya kazi ya baharini wanayoijua.

Dakika 5: Muhtasari, kisha sentensi ya kamba kwa wale waliomaliza mapema.

Katika kuwapanga wawili wawili, mkalishe mwenye Kibajuni nyumbani pamoja na mwenye Kisomali nyumbani. Wa kwanza atamkopesha mwenzake sikio la upatanisho, na wa pili huenda akamkumbusha tahajia aliyoizoea kitabuni.

Muhtasari

Nomino ya Kiswahili hujulikana kwa upatanisho inaoutawala. Tofauti ya sauti baina ya Kibajuni na Kiswahili Sanifu ina utaratibu, nayo haivunji ngeli. Mwanafunzi wa Kisomali hubeba kanuni za jinsia na za nambari kutoka lugha yake, na makosa yake yaweza kutabiriwa. Kiingereza huweka alama ya wingi mwishoni na hakipatanishi kivumishi. Mwalimu mwema huuliza kwanza juu ya upatanisho, kisha juu ya umbo; naye humwezesha mtoto kuandika Kiswahili Sanifu pasipo kumfanya aionee haya lugha ya mama yake.

Mazoezi

1. Eleza kwa mifano kwa nini «mchu mmoya» ni sahihi kisarufi ilhali «mtu moja» si sahihi.

2. Orodhesha nomino kumi na mbili za kazi inayofanywa katika sehemu unakotoka, iwe kilimo, ufugaji, ushonaji au biashara. Zipange kwa ngeli na utunge sentensi moja ya umoja na moja ya wingi kwa kila ngeli.

3. Mwanafunzi ameandika: «Pweza mbili imekufa.» Sahihisha, kisha eleza chanzo cha kila kosa ikiwa lugha ya nyumbani ya mwanafunzi huyo ni Kisomali.

4. Neno kamba limetumika katika somo hili kuonyesha nguvu ya upatanisho. Tafuta maneno mengine mawili ya Kiswahili yenye umbo moja na maana mbili zilizo katika ngeli tofauti, na uyatungie sentensi.

5. Sahihisha daftari la mwanafunzi mmoja wa shule ya mazoezi kwa kutumia mstari na duara. Hesabu alama za kila aina, kisha andika aya moja kumshauri mwalimu wake afundishe nini kwanza.